Jiwe moja, dini ngapi? Kutoka Kit Mikayi hadi kwa Wadruidi wa Uingereza

Anayetoka Kisumu kuelekea Bondo au Asembo hupita Kit Mikayi, kiasi cha kilomita 29 magharibi mwa jiji. Majabali makubwa yamepandana hapo hadi yakavuka vilele vya miti, na katikati yake pana nyufa na mapango ambayo mtu mzima hupenya kwa kuinama. Wazee wa Seme husimulia kuwa mzee mmoja aliyeitwa Ngeso aliyapenda mno mawe hayo hata akawa anashinda pangoni kutwa nzima, mkewe akimpelekea uji asubuhi na chakula mchana. Majirani walipomuuliza mumewe yuko wapi, mama huyo alijibu kwamba ameenda kwa mikayi, yaani mke mkubwa. Hadi leo mwenyeji anayemtembeza mgeni humwonyesha jabali la mikayi, kisha la nyachira, mke wa pili, na la reru, wa tatu. Boma zima la Mjaluo limesimama pale kwa mawe.

Ndani ya pango kuna shughuli nyingine kabisa. Nta ya mishumaa imegandia mwamba. Waumini wa Legio Maria huingia wakiwa wamevaa kanzu, rozari shingoni, na watu wa makanisa ya Roho huja na ngoma zao. Wapo wanaofunga humo siku kadhaa, na wapo wanaochota maji ya pangoni kwa chupa za plastiki wakampelekee mgonjwa nyumbani. Nje, akina mama wa kikundi cha utamaduni huwapokea watalii kwa nyimbo na vigelegele. Nao wazee hawajasahau kwamba hapa ndipo sadaka zilipotolewa miaka ya ukame, kabla Biblia haijafika. Mlangoni mgeni hulipa kiingilio. Dini yake haulizwi.

Kwa hiyo swali ambalo limewashughulisha watu wa Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1960, kama mtu anaweza kufuata udruidi na bado akabaki Mkristo, Mbudha au Myahudi, si geni katika ufuo huu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. Watu wa Asembo na majirani zao wamekuwa wakilijibu kwa zaidi ya karne moja. Tofauti iko kwenye gharama ya jibu.

Wadruidi wa kale walikuwa makuhani, waamuzi na walimu wa Wakelti walioishi Uingereza, Ireland na nchi ambayo leo ni Ufaransa. Julius Caesar aliandika habari zao, na majeshi ya Roma yaliivamia ngome yao katika kisiwa cha Anglesey, Wales, mnamo mwaka wa 60 hivi baada ya Kristo. Wenyewe hawakuacha andiko hata moja la mafundisho yao. Kinachobeba jina lao leo kilianza upya katika karne ya 18, na waliokianzisha walikuwa Wakristo bila kujificha. William Stukeley, aliyeyapenda mawe ya Stonehenge karibu kama Ngeso alivyoyapenda yake, alipewa ukasisi wa Kianglikana mwaka 1729. Iolo Morganwg, mwashi na mshairi wa Wales, aliitisha mkutano wa kwanza wa Gorsedd, baraza la washairi, kwenye kilima cha Primrose Hill jijini London mwaka 1792. Naye alikuwa Myunitariani, Mkristo asiyekubali Utatu. Nyaraka nyingi alizodai kuzirithi kutoka kwa wahenga alikuwa amezitunga mwenyewe, na hilo halikuwazuia watu wa Wales kulienzi baraza lake hadi leo.

Mchanganyiko, basi, ulizaliwa pamoja na udruidi wa kisasa. Mwaka 1964 Ross Nichols alianzisha nchini Uingereza shirika la Order of Bards, Ovates and Druids, ambalo huwapokea watu wa dini yoyote na hata wasio na dini. Kwao udruidi unaweza kuwa dini, falsafa au njia tu ya kuishi karibu na miti, mito na majira ya mwaka. Marekani ilianza kwa kioja. Mwaka 1963 wanafunzi wa Chuo cha Carleton, jimboni Minnesota, walichoshwa na sheria iliyowalazimisha kuhudhuria ibada, wakaunda kikundi cha Wadruidi kama mzaha wa kuipinga. Sheria ilifutwa mwaka 1964, lakini mzaha ukaendelea, na baadhi yao wakagundua kuwa wanasali kwa dhati. Kutoka ukoo huohuo Isaac Bonewits alianzisha mwaka 1983 kanisa la Ár nDraíocht Féin, ambalo huiabudu miungu mingi ya kale bila utani wowote. Wapo pia Wadruidi ambao hawataki kusikia habari za Yesu mezani pao.

Kisa kinachomgusa zaidi msomaji wa Nyanza ni cha Agosti 2002. Rowan Williams, wakati huo Askofu Mkuu wa Wales, alivikwa kanzu nyeupe katika duara la mawe huko St Davids akaingizwa kwenye Gorsedd kama druidi wa heshima. Alikuwa ameshateuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yalipiga kelele kwamba mkuu mtarajiwa wa Waanglikana amejiunga na wapagani. Yeye alieleza kuwa Gorsedd ni heshima ya lugha na utamaduni wa Wales, na kwamba hakuna mungu mwingine aliyeabudiwa pale. Miezi michache baadaye alikalia kiti cha Canterbury, kiti ambacho ndicho kitovu cha ushirika wa kanisa lililofungua misheni ya Maseno mwaka 1906 na kuwafundisha watoto wa Asembo kwamba mila za baba zao ni giza.

Mzee wa Kijaluo aliyebatizwa na wamisheni hao na kuambiwa achague kati ya kanisa na boma angekuwa na haki ya kuuliza maswali mawili matatu kuhusu ile kanzu nyeupe.

Lakini ukweli mmoja usiachwe nyuma. Mtu wa Bristol au Boston anayekwenda kanisani Jumapili na msituni Jumatatu hachezei urithi wa mtu. Akifa, hakuna ukoo wa Wadruidi utakaokuja kudai maiti. Shamba la kaka yake halilali bila kupandwa kwa sababu yeye hakutimiza tambiko. Mchanganyiko wake ni wa moyoni na kwenye rafu ya vitabu, ndiyo maana ni rahisi. Dini ya Wajaluo haikuwahi kukaa mahali hapo. Nyasaye, yaani Mungu, walimjua na kumwomba, na wazee walilielekea jua la asubuhi wakitema mate ya baraka. Ila uzito wa dini ulikuwa katika matendo: nani ajenge nyumba kwanza, nani atangulie kupanda mbegu, marehemu alazwe upande gani wa nyumba, mjane atolewe vipi kwenye msiba. Anayevunja mpangilio huo huvuta chira, ugonjwa wa kukonda na kunyauka ambao mara nyingi humwangukia mtoto wala si mkosaji.

Wamisheni walidhani wanapambana na imani, kumbe waliingilia ratiba ya kilimo na ramani ya boma.

Jibu la kwanza lililovuma lilikuwa la kukataa mchanganyiko wowote. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego, kaskazini mwa Asembo, alisema kwamba nyoka mkubwa alitoka ziwani, akammeza kisha akamtema, akajitambulisha kuwa Mumbo, mungu aishiye majini na juani. Ujumbe wake haukuwa na kona: dini ya Wazungu imeoza, wafuasi warudie kuvaa ngozi na kufuga nywele, watoe sadaka, na Wazungu watatoweka nchini. Serikali ya kikoloni ilishtuka, hasa imani hiyo ilipovuka kuingia Gusii, na baadhi ya viongozi wakahamishiwa pwani. Jambo moja huchekesha kidogo. Nabii anayemezwa na mnyama wa majini kisha akatemwa akiwa na ujumbe, msomaji wa Biblia atakosaje kumkumbuka Yona? Hata waliokataa kitabu cha mgeni huenda walikuwa wamekisikia kikisomwa.

Johana Owalo alichukua njia ya pili, na kwa makala haya yeye ndiye mtu wa kumtazama kwa makini. Alizunguka dini zilizokuwepo kwa uzito wa mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata nguo: Ukatoliki, Uislamu, kisha Uanglikana wa Maseno. Mwaka 1907 alisimulia maono ambamo malaika Jibrili alimpandisha mbinguni. Mwaka 1914 aliondoka na watu wake akaanzisha Nomiya Luo Church, linalohesabiwa kuwa kanisa la kwanza la kujitegemea nchini Kenya, na ambalo lina mizizi mirefu hapa Asembo na Siaya kwa jumla.

Tazama alichokifanya. Kutoka kwa Wakristo alichukua Biblia na ubatizo. Kutoka upande wa Waislamu na Agano la Kale alichukua tohara ya wanaume, jambo zito sana kwa kabila lisilotahiri. Utatu aliukataa: Yesu alimheshimu, lakini hakumfanya Mungu. Na kwa Wajaluo alibakiza boma, kwa maana kanisa lake halikumfukuza mume mwenye wake zaidi ya mmoja. Iolo Morganwg wa Wales na Owalo wa Nyanza hawakuwahi kusikia habari za mwenzake, mmoja alikufa 1826 na mwingine 1920, lakini wote wawili walikuta Utatu hauwaingii akilini na wote wawili walijenga kitu kipya kwa mbao za kale. Wa Wales aliishia kuheshimiwa na wasomi. Wa Nyanza vitabu vingi vya historia ya kanisa vilimtupia aya moja, tena chini ya kichwa cha madhehebu yaliyojitenga.

Suala la wake wengi nalo lina kejeli yake. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth uliamua mwaka 1888 kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Uamuzi huo ulisimama miaka 100 kamili. Mwaka 1988 Lambeth ilikubali kumbatiza pamoja na wake zake na watoto, kwa masharti kwamba asiongeze mke mwingine na kwamba jumuiya ya mahali hapo iridhie. Aliyeiwasilisha hoja hiyo alikuwa Mkenya, Askofu David Gitari. Waumini wa Nomiya walikuwa wameshalimaliza jambo hilo tangu enzi za gavana wa kikoloni.

Asembo ilimzaa pia mtu aliyeyaandika haya yote bila kuyahubiri. Grace Ogot alizaliwa hapa mwaka 1930, katika familia ya Kianglikana. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kijijini kupata elimu ya kizungu na alifundisha shule ya wasichana ya Ng'iya. Nyumbani Biblia ilisomwa. Bibi yake naye alikuwa na hadithi. Katika vyanzo hivyo viwili kulitoka kitabu cha hadithi fupi Land Without Thunder cha mwaka 1968, ambamo binti wa chifu huchaguliwa atolewe kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe, na riwaya The Promised Land ya mwaka 1966, ambamo Mjaluo aliyehamia Tanganyika hupatwa na maradhi ambayo hospitali haiyawezi hadi mganga aingie. Mwandishi wake alikuwa muuguzi aliyesomea Mengo, Uganda, na Uingereza. Wahakiki waliojiuliza kama mama huyu anaamini sindano au mizizi walikuwa wanauliza swali la Canterbury. Ogot aliweka vyote viwili nyumba moja akawaacha wapangaji wagombane.

Mapema miaka ya 1960 ukafuata mlipuko mkubwa. Simeo Ondeto, aliyekuwa Mkatoliki, na Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyefiwa na watoto wake wawili siku moja mwaka 1963, waliongoza makumi ya maelfu ya watu kutoka Kanisa Katoliki na makanisa mengine kuunda Legio Maria. Kwa muda mfupi mwanamke huyo alibatiza na kuhubiri mbele ya halaiki ambazo hakuna padri wa eneo hilo aliyewahi kuziona.

Sasa pima hili. Roma ilikuwa katikati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ambao ulifungua mlango wa misa kusemwa kwa lugha za watu. Legio Maria, kanisa la wakulima na wavuvi wa Nyanza, likang'ang'ania Kilatini. Likawa na papa wake na makadinali wake. Anayetafuta Uafrika wa Legio katika mapambo na lugha ya ibada atarudi mikono mitupu. Uko katika jambo jingine: kanisa hili lilikubali kwamba pepo wa marehemu aliyedhulumiwa huja kweli kumsumbua aliye hai. Padri wa Kizungu alimwambia mgonjwa kuwa hakuna kitu kama hicho, aombe aende zake. Legio lilimwambia kipo, kaa hapa, tutakitoa. Hirizi zilichomwa na waganga wakapigwa marufuku, kwa hiyo mtu asidhani lilikuwa kanisa lililoiachia mila ipite. Ondeto alifariki mwaka 1991, na kaburi lake Got Kwer, Migori, ni mahali pa hija.

Ndani ya Anglikana yenyewe mgawanyiko ulichukua sura nyingine. Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 ulifika Maseno na kuzaa joremo, watu wa damu ya Yesu, ambao waliona mila yote ni najisi na Mkristo asiyetubu hadharani si Mkristo. Wenzao waliochoshwa na hukumu hizo walijiita johera, watu wa upendo, na mwaka 1957 wakatoka chini ya Matthew Ajuoga kuanzisha Church of Christ in Africa. Ugomvi wao haukuhusu mizimu moja kwa moja. Ulihusu kiasi gani mtu aliyeokoka anaweza kukaa na jirani asiyeokoka, na katika boma la Kijaluo huo ndio mtihani wenyewe, kwa sababu jirani huyo ni kaka, shemeji au mama mkwe.

Chukua siku ya kufungua boma jipya, goyo dala. Mume hutoka alfajiri pamoja na mwanawe wa kwanza aliyebeba shoka, jogoo yupo, mke yupo na moto wake. Nyumba husimamishwa kwa utaratibu unaojulikana. Siku hizi si ajabu kumkuta hapo mchungaji akiombea nguzo, na kwaya ikiimba huku mafundi wakipigilia mabati. Mchungaji mwingine atakataa kuja akisikia habari za jogoo. Mwingine atakuja na kujifanya hamwoni.

Msiba ni mgumu zaidi. Jeneza likifika kutoka mochari, hema limeshafungwa na spika zimeshawashwa. Vijana hukimbiza ng'ombe wakiwa na matawi na fimbo kukifukuza kifo hadi mipakani, tero buru, kisha hurudi wakitokwa jasho na kukuta kasisi amefungua kitabu cha sala. Mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba na mwanamke upande wa kushoto, ukihesabu kutoka mlangoni ukiangalia nje. Mtu aliyekufa bila kuwa na nyumba hujengewa kibanda cha haraka ili maiti isilale nje. Haya yote yanakaa vizuri na Biblia, au angalau yamezoeana nayo.

Panapovunjika ni kwa mjane. Mila ilitaka atwaliwe na shemeji au mwanamume mwingine wa ukoo, tero, ndipo afunguliwe kutoka msibani. Makanisa ya waliookoka yalikataa katakata, na UKIMWI ulipolivamia eneo hili katika miaka ya 1980 na 1990 kukataa huko kukapata sababu ya pili. Wapo wazee waliokubali njia ya ishara, kwa mfano koti la mwanamume kulazwa nyumbani usiku, mambo yakaisha. Lakini mama aliyeokoka anayekataa hata koti hajiamulii peke yake. Kwa utaratibu wa kupanda, yeye kama mikayi ndiye wa kutangulia kutia mbegu ardhini. Asipokuwa amefunguliwa, watoto na wake wenzake wanasubiri, mvua inapita. Mwanawe hawezi kutoka kwenda kufungua boma lake. Akija mjukuu kuugua, macho yote yanamgeukia bibi na wokovu wake. Ndipo utaona imani ya mtu mmoja ikidaiwa na watu kumi na wawili. Mchungaji aliyemfundisha akatae amerudi zake mjini.

Hakuna kesi iliyolifunua hili mbele ya nchi nzima kuliko ya wakili Silvano Melea Otieno, maarufu S.M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986 jijini Nairobi. Mkewe, Virginia Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki na mwanaharakati wa tangu siku za kupigania uhuru, alitaka amzike kwenye shamba lao Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager, ukiongozwa na kaka wa marehemu Joash Ochieng' Ougo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Maiti ikabaki mochari, mawakili wakaingia ulingoni: John Khaminwa kwa mjane, Richard Kwach kwa ukoo.

Hoja ya mjane ilikuwa kwamba mumewe alikuwa mtu wa kisasa na Mkristo, aliyeishi Nairobi na kulea watoto wasiojua mila. Ukoo ulileta mashahidi wa kila aina. Mchimba makaburi wa kijijini alieleza kwamba marehemu aliwahi kumwonyesha anakotaka kulala. Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alisimama kueleza fikra za Wajaluo juu ya kifo na maziko. Watu walijaa mahakamani na nje barabarani, na magazeti yaliuzwa kama maandazi. Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Otieno azikwe Nyalgunga. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono. Mantiki ya hukumu ilikuwa kwamba Mwafrika wa Kenya hawezi kujivua kabila la baba yake kwa kubadili mtindo wa maisha. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa. Mjane wake hakuhudhuria.

Mengi yameandikwa kuhusu kesi hiyo kama pambano la wanawake na wanaume, au la Wakikuyu na Wajaluo, na yote mawili yalikuwamo. Kilichosahaulika ni kwamba waliogombea maiti pande zote mbili walikuwa watu wa makanisa. Hakuna aliyeikana Biblia. Waligombana juu ya kaburi, kwa sababu kaburi la mwanamume ndilo hati ya umiliki ambayo watoto wake huonyesha ukoo ukiuliza kama wana haki ya ardhi.

Baada ya hapo sheria imesogea kidogo. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inalinda uhuru wa dini katika Kifungu cha 32 na kuutambua utamaduni katika Kifungu cha 11, na inasema mila inayopingana nayo ni batili. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inakutaja kumrithi mjane kwa nguvu kuwa ukatili. Mwaka uleule wa Katiba, 2010, tume ya mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales iliutambua mtandao wa Wadruidi, Druid Network, kuwa shirika la dini. Huko habari hiyo ilishangiliwa na wachache, ikakejeliwa na wachache, ikasahauliwa.

Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, zaidi ya asilimia 85 ya wananchi walijiandikisha kuwa Wakristo, na waliosema dini yao ni ya jadi hawakufika hata asilimia moja. Karani wa sensa aliyezunguka Asembo na kishikwambi chake angeweza kuondoka akiamini mchanganyiko umekwisha. Hakuuliza nani alitangulia kupanda msimu ule.

Jibu la Asembo kwa Wadruidi, basi, ni kwamba dini mbili hukaa pamoja bila shida kwenye pango, kwenye kwaya na kwenye kitabu cha hadithi, na zimekuwa zikikaa hivyo tangu Owalo. Zinagombana pale tu ardhi, mjane au maiti anapoingia kati, na hapo anayeamua si askofu wala mganga ila ukoo na, ukishindikana, hakimu. Hukumu ya S.M. Otieno bado hunukuliwa katika mahakama za Kenya familia zinaposhindwa kukubaliana mahali pa kumzika mtu wao.